Supu ya Baada ya Mbio

Alfajiri ya Jumapili, barabara za Dar es Salaam huwa na vikundi vya jogingi vikipiga mchakamchaka, fulana za rangi moja, mmoja akiongoza wimbo na wengine wakiitikia. Ikifika saa mbili asubuhi, watu haohao wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mbele yao kuna bakuli la supu ya mbuzi yenye mafuta yanayoelea, chapati mbili na soda baridi. Ukitaka kuanzisha kikundi cha mazoezi, au kukiboresha ulichonacho, ushauri wangu ni kwamba uanzie hapo mezani, si barabarani. Kikundi kinachopanga njia ya kukimbia bila kupanga chakula cha baada ya mbio kinatwanga maji kwenye kinu.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila kilo ya mwili inayokimbia kilometa moja hutumia kama kalori moja. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilometa 5 ametumia kalori 350 hivi. Soda moja yenye sukari ya mililita 350 ina kalori kama 140. Chapati mbili za mafuta zinaweza kufika 500, na supu bado hatujaigusa. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akarudi nyumbani ameongeza nguvu nyingi kuliko alizotoa, na miezi sita baadaye akashangaa mbona kiuno hakipungui. Hapo wengi hukata tamaa na kusema mazoezi hayasaidii, nadhani kimakosa. Mazoezi hushusha shinikizo la damu na kuufanya mwili uitumie sukari vizuri zaidi hata mizani isiposogea. Lakini kazi ya kupunguza uzito tusiitwike miguu peke yake.

Ushahidi wa kuunganisha mambo hayo mawili upo, tena wa muda mrefu. Utafiti wa Finland uliochapishwa 2001, na wa Marekani wa 2002 uliohusisha watu 3,234, uliwachukua watu ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kisukari. Waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi pamoja walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Wale wa Marekani waliopewa dawa ya metformin waliipunguza kwa asilimia 31. Lengo la waliofundishwa kule Marekani halikuwa la kutisha: dakika 150 kwa wiki, na uzito upungue kwa asilimia 7.

Msomaji makini anaweza kunibana kwa utafiti wa Da Qing, China, ulioanza 1986. Kule waligawa makundi: wengine chakula pekee, wengine mazoezi pekee, wengine vyote viwili, na baada ya miaka sita hatari ilipungua kwa asilimia 31, 46 na 42 kwa mpangilio huo. Vyote viwili havikushinda mazoezi pekee, sasa mimi napigia debe nini? Jibu langu ni kwamba washiriki wa Da Qing walikuwa 577 tu, na tofauti kati ya makundi hayo matatu ni ndogo mno kumtangaza mshindi. Isitoshe, swali letu ni jingine. Kikundi chetu tayari kinakula pamoja. Hatuchagui kati ya mazoezi na chakula; tunachagua kama chakula ambacho kitaliwa vyovyote iwavyo kitasaidia mbio au kitazipinga.

Kwa nini basi kikundi, na si kila mtu na daftari lake? Kwa sababu Watanzania tunajua tayari jinsi kikundi kinavyomshika mtu. Mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hatoi hisa zake kwa kuwa amesoma kitabu cha uchumi. Anatoa kwa sababu asipotoa, watu ishirini wataona. Watafiti wa Indianapolis walipoupeleka ule mpango wa Marekani wa chakula na mazoezi kwenye vikundi vya YMCA, washiriki walipungua kwa wastani wa asilimia 6 ya uzito, wakati waliopewa ushauri mfupi tu walipungua asilimia 2. Nguvu hiyohiyo ya kuonwa, hata hivyo, inaweza kutugeuka. Meza yote ikiagiza soda, anayeomba maji anaonekana anajidai. Ndiyo maana uamuzi wa chakula lazima uwe wa kikundi kizima, uandikwe kwenye katiba yake pamoja na faini ya wachelewaji.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Wito ulikuwa mzuri, ila mwili haungoji mwezi. Gawanyeni dakika 150 katika siku tatu za dakika 50, na siku mbili kati ya hizo muongeze pushapu na kuchuchumaa na kusimama, ili misuli nayo ipate kazi. Mwendo upimwe kwa aliye nyuma kabisa: kama hawezi kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, mnakwenda mbio mno kwake, na wiki ya tatu hatakuja. Kisha mchango wa chakula ukusanywe na kupewa mpishi mmoja mwenye maagizo. Supu si lazima ifukuzwe. Nyama ikatwe mafuta kabla ya kuingia sufuriani, yanayoelea yaenguliwe kwa upawa, na chumvi isiwekwe mezani, kwani kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Badala ya chapati pawe na mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, pembeni kunde au choroko, mchicha usiokaangwa kwa mafuta mengi, na tunda la msimu. Kinywaji kiwe maji. Anayedai kwamba aliyetoka jasho anahitaji sukari aambiwe kwamba mbio za chini ya saa moja hazimalizi akiba ya mwili wa mtu anayekula kila siku.

Kuna wanaosema chakula bora ni cha matajiri. Pengine wanafikiria lozi na parachichi za supamaketi. Mihogo, kunde, dagaa na mchicha ndivyo vyakula vya bei nafuu sokoni kwetu, na pesa ya soda ikirudi kwenye mchango inanunua papai la watu kadhaa. Wengine husema babu zetu walikula ugali mkubwa na wakazeeka salama. Ni kweli kwa wengi wao, lakini waliula baada ya kulima kutwa, na mara nyingi unga wake haukukobolewa. Anayekaa ofisini kwa saa nane na kula mlima uleule wa sembe amechukua nusu ya desturi na kuiacha nusu nyingine shambani.

Pingamizi moja nalikubali moja kwa moja: si kila mwanachama aanze kukimbia bila tahadhari. Mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua au kisukari amwone daktari kwanza. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka ghafla akiwa barabarani, hivyo awe na kitu kitamu mfukoni na jirani yake ajue. Huyo ndiye pekee kikundini ambaye soda inaweza kuwa dawa yake. Waliobaki, wiki hii kabla hamjakubaliana mnakimbilia wapi, kubalianeni kwanza nani atapika na sufuria litakuwa na nini.