Vinundu vya Usoni Visivyo Chunusi: Leza Husaidia Vipi?

Mtoto anapoota vinundu vidogo puani na mashavuni, wengi hudhani ni chunusi. Mzazi hununua sabuni na krimu sokoni Kiserian au Ngong, lakini vinundu haviondoki, na shuleni mtoto anachekwa. Chunusi kwa kawaida huanza mtoto anapobalehe. Vinundu vinavyoanza mapema, hata akiwa na miaka 2 hadi 5, huenda ni dalili ya ugonjwa wa jeni uitwao tuberasi sklerosisi.

Ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 kati ya 6,000 wanaozaliwa. Husababishwa na hitilafu katika jeni ya TSC1 au TSC2, ambazo kazi yake ni kuzuia seli zisiongezeke kupita kiasi. Mzazi mwenye ugonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto. Hata hivyo, karibu thuluthi mbili ya wagonjwa hawakuurithi kwa mzazi yeyote. Si laana, wala hauambukizwi.

Matibabu ya leza

Leza ni mwale wa mwanga wenye nguvu. Aina moja hulenga mishipa midogo ya damu na kupunguza wekundu. Nyingine, ya kaboni dayoksaidi, husawazisha vinundu vilivyoinuka. Mgonjwa hutiwa ganzi. Mtoto mdogo huenda akalazwa usingizi kwa dawa. Mara nyingi vikao kadhaa huhitajika, na vinundu vinaweza kurudi. Ngozi nyeusi inaweza kubaki na madoa au kovu lililovimba, hivyo ni vyema daktari ajaribu sehemu ndogo kwanza. Ipo pia dawa ya kupaka ya sirolimasi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Kabla ya leza

Uso ni dalili tu. Ugonjwa huu huweza kuleta kifafa, mabaka meupe mwilini na uvimbe kwenye figo, moyo au ubongo. Leza haitibu hayo, kwa hivyo mtoto apimwe mwili mzima kwanza.

Wakazi wanashauriwa:

- Kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa kwa daktari wa ngozi.
- Kumweleza daktari iwapo mtoto amewahi kupata degedege.
- Kutokata wala kuchoma vinundu nyumbani, na kuepuka krimu za kung'arisha ngozi.
- Kutosimamisha dawa za kifafa bila ushauri wa daktari.