Ufupisho: Njia ya Farasi, Njia ya Baiskeli

Soma kifungu hiki mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Canal du Midi ni mfereji wa kilomita 240 kusini mwa Ufaransa, kutoka mji wa Toulouse hadi karibu na Bahari ya Mediterania. Pierre-Paul Riquet, aliyesimamia ujenzi wake, alifariki mwaka 1680; mfereji ukafunguliwa mwaka 1681. Mashua zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Katika karne ya 19, reli iliunyang'anya mfereji mizigo yake. Hata hivyo, njia ya farasi haikufa. Kwa kuwa inafuata maji, haina milima mikali, hivyo waendesha baiskeli huipenda. Sehemu nyingine hupita kando ya mashamba ya mizabibu.

Swali: Fupisha kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi 20.

Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kunakili miaka na kilomita. Jiulize: nikiiondoa sentensi hii, hoja itaanguka? Ukiondoa mwaka 1680, hoja inabaki. Ukiondoa reli, hutaweza kueleza kwa nini matumizi ya njia yalibadilika. Basi reli ibaki, miaka iondoke. Kisha andika kwa maneno yako mwenyewe.

Jibu: Njia ya farasi kando ya mfereji ilikosa kazi reli ilipokuja; sasa waendesha baiskeli huitumia kwa sababu ni tambarare.

Hesabu: maneno 18. Yamebaki mawili, usiyajaze kwa nguvu.