Kutafuta Huduma Zinazofikika kwa Kiti Mwendo Morogoro: Ninavyotumia Simu

Kwa mtumiaji wa kiti mwendo, kufika mahali ni jambo moja na kuingia ndani ni jambo jingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hata hivyo, hapa Morogoro milango mingi bado iko juu ya ngazi, na mbele ya ngazi kuna mtaro wa kupitishia maji ya mvua yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru. Simu imenipunguzia sana safari za bure. Hivi ndivyo ninavyofanya.

1. Tazama ramani mbili

Kwenye Google Maps, fungua mipangilio ya ufikivu na uwashe alama ya kiti mwendo. Huduma hiyo ipo tangu 2020. Kisha fungua Wheelmap, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2010. Kijani maana yake panaingilika, manjano kwa kiasi, nyekundu hapaingiliki. Kijivu ni mahali ambapo hakuna aliyewahi kupajazia taarifa, na kwetu kijivu bado ni kingi.

2. Kuza picha, kisha piga simu

Alama peke yake haitoshi. Tafuta picha ya mlango uikuze. Ukipiga simu, usiulize kama panafikika, maana utajibiwa kwa ukarimu, "Njoo tu, tutakubeba." Uliza vitu vinavyohesabika: Mlangoni kuna ngazi ngapi? Mtaro una kivuko, na ni kipana? Choo kiko chini au ghorofani, na mlango wake unafungukia nje?

3. Angalia mwinuko

Ramani ikikupa njia fupi haikuambii mikono itachoka kiasi gani. Msamvu na Kihonda ni tambarare, lakini ukielekea Rock Garden unaanza kupanda, na barabara ya Morningside ni mlima mtupu. Washa mwonekano wa milima kwenye Google Maps: mistari ikisongamana, tafuta bajaji. Kama unaelekea vijiji vya Uluguru, pakua ramani kabla ya kutoka, usije ukaukosa mtandao njiani.

4. Jaza unachokiona

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Programu ya StreetComplete, ya simu za Android, inakuuliza maswali mafupi kuhusu mahali ulipo, likiwemo la kiti mwendo. Jibu lako linaingia kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na Wheelmap inachota humo humo. Unajibu mara moja, wananufaika wengi.

Beba futi kamba. Kwa vigezo vya Wheelmap, ngazi moja isiyozidi sentimita 7 ni manjano. Kizingiti cha sentimita 5 unakivuka ukijua kuinua magurudumu ya mbele; cha 12 lazima usukumwe. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu ataingia mwenyewe kununua dawa zake au atamwagiza mwingine, na siri ya ugonjwa wake iende naye.

Anza na mtaani kwako: duka la dawa, zahanati, wakala wa pesa za simu, choo cha umma. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inashusha abiria hapa, na baadhi yao wanatumia viti mwendo. Tukijaza ramani yetu, watajua pa kuingia kabla hawajapanda treni.