Kona Isiyofyekwa



Kama umesoma shule zetu, adhabu ya kufyeka unaijua. Mimi nilifyeka pale Kibaha hadi viganja vikaota sugu. Kwetu uwanja msafi ni ule mweupe, uliofagiliwa kwa chelewa mpaka michirizi inaonekana. Jani likiota, ni uchafu.

Sasa fungua Kutoka 23:10-11. Waisraeli wanaambiwa walime miaka sita, wa saba waiache ardhi ipumzike. Maskini wale, na kitakachobaki waachiwe wanyama wa porini. Miaka yote nilikuwa naishia kwa maskini, wale wanyama nawaruka tu. Kumbe wamo kwenye sheria, wana fungu lao!

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilielewa hilo. Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015) namba 12, anakumbusha kwamba mtakatifu huyo aliomba sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, maua na majani ya porini yajiotee. Jina lake si geni huku kwetu. Shule ya Pugu, njiani kwenda Kisarawe, alikofundisha Mwalimu Nyerere hadi 1955, iliitwa St. Francis. Na jirani yake kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyoliwa sana na mkaa wa Dar. Humo bado anaishi komba wa Rondo, kanyama kadogo ka usiku kalicho hatarini kutoweka duniani kote.

Nikiwa kidato cha tatu, tawi letu la TYCS liliomba kona moja nyuma ya uwanja. Mwalimu wa zamu akakataa: nyoka. Alikuwa na haki, hata mama yangu angekataa. Tukakubaliana kona iwe mbali na madarasa, kuizunguka tufyeke ukanda mpana, na tusirundike mawe wala kuni. Tukapanda mkwaju na mkuyu, miti ya huku huku. Nyasi tukaziacha zitoe mbegu. Tukaweka beseni la maji, tunabadilisha kila siku mbili mbu wasizaliane.

Chozi walikuja kabla ya mwezi kwisha, wakifuata maua. Kisha mnana, vipepeo, mijusi. Wadogo wa kidato cha kwanza wakawa wanapitia pale jioni kuhesabu.

Halafu Jumamosi moja darasa zima likapewa adhabu, na hakuna aliyewaambia. Wakafyeka kona yote, hadi mkwaju. Nililia, sifichi. Niligoma hata kwenda jumuiya wiki ile, nikawachukia wenzangu ambao kosa lao lilikuwa kutii.

Mvua za vuli zilipoanza, kisiki cha mkwaju kikatoa machipukizi mawili. Aliyeniita kuyaona ni mmoja wa wale wafyekaji. Alikuwa ameshayazungushia miiba.

Wiki hii, kabla ya sala ya jioni, zunguka shule yako. Kona gani inaweza kuachwa? Nani wa kumwambia kabla ya Jumamosi?