Kuiunganisha Antena na Ardhi: Kinga ya Radi na Ubora wa Mawimbi

Mada zinazoguswa: umeme tuli, Sheria ya Ohm, ukinzani mahususi, sumaku-umeme, mawimbi.

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili unatakiwa uweze:

(a) kutaja na kutofautisha kazi mbili za ardhi katika kituo cha redio;
(b) kukokotoa volteji inayojitokeza kwenye ethi radi inapopiga;
(c) kueleza kwa nini ethi zote za jengo moja huunganishwa pamoja;
(d) kueleza jinsi udongo mkavu unavyoathiri ethi na antena.

1. Utangulizi

Tuseme klabu ya fizikia ya shule yenu iliyopo Miyuji, Dodoma, imesimamisha bomba la chuma la mita 10 na kufunga juu yake antena ya redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu binafsi kwa kujifunza na kujifurahisha, bila biashara. Hapa nchini leseni yake hutolewa na TCRA.

Kiangazi chote hakuna anayeifikiria radi. Mawingu ya kwanza yakikusanyika, bomba lile ndilo kitu kirefu kuliko vyote uwanjani, na kebo yake inaingia moja kwa moja darasani, mezani penu.

Ukiulizwa kwa nini antena huunganishwa na ardhi, usiishie kujibu "ili kuzuia radi". Kwanza, ethi haizuii radi, huipa njia. Pili, ardhi ina kazi nyingine kabisa katika kurusha mawimbi. Kazi hizo mbili ndizo kiini cha somo hili.

2. Fimbo isiyofika ardhini

Ndani ya wingu la mvua, chembe za barafu na matone hugongana na kutenganisha chaji. Kwa kawaida sehemu ya chini ya wingu hubeba chaji hasi, nayo huvuta chaji chanya juu ya uso wa ardhi, hasa kwenye vitu virefu. Tofauti ya potenshali ikizidi uwezo wa hewa kuhami, chaji hupita kwa ghafla. Hiyo ndiyo radi.

Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyependekeza, katikati ya karne ya 18, fimbo ya chuma juu ya jengo iliyounganishwa na ardhi. Mwaka 1753, huko Saint Petersburg nchini Urusi, mwanasayansi Georg Wilhelm Richmann alishusha fimbo kutoka paani hadi ndani ya nyumba ili apime umeme wa mawingu. Fimbo yake haikuunganishwa na ardhi. Radi ilipopiga, umeme uliruka kutoka kwenye fimbo hadi kichwani mwake, akafa papo hapo.

Antena isiyo na ethi, ambayo kebo yake inaishia kwenye redio mezani, ni fimbo ya Richmann.

3. Kazi ya kwanza: kuipa radi njia

Ethi ni fimbo ya shaba, au ya chuma iliyopakwa shaba, inayopigiliwa ardhini. Mafundi wengi huiita "ethi rodi". Bomba la antena huungwa nayo kwa waya wenye sifa tatu:

(i) Uwe mnene, ili ukinzani uwe mdogo na waya usiyeyuke.
(ii) Uwe mfupi.
(iii) Uwe umenyooka, usio na kona kali.

Sababu ya (ii) na (iii) inatoka kwenye mada ya sumaku-umeme. Mkondo wa radi hupanda hadi maelfu ya ampea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Uga sumaku unaouzunguka waya hubadilika kwa kasi hiyo hiyo, na uga unaobadilika huzalisha volteji inayoupinga mkondo. Waya mrefu au wenye mizunguko huzalisha volteji kubwa zaidi, na radi huweza kuruka kwenda kwenye kitu kilicho jirani.

Mfano wa 1. Mkondo wa radi wa 30,000 A unapita kwenye ethi yenye ukinzani wa 20 Ω. Kokotoa volteji ya ethi hiyo ikilinganishwa na ardhi ya mbali.

V = IR = 30,000 A × 20 Ω = 600,000 V

Tazama jibu hilo vizuri. Ethi ipo, waya upo, na bado bomba limepanda hadi volti laki sita. Je, ethi ina faida gani? Jibu liko katika sehemu inayofuata.

4. Ethi zote ziwe moja

Umewahi kuona ndege ametulia juu ya waya wa umeme mkubwa. Hadhuriki kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye potenshali moja. Kinachosukuma mkondo ni *tofauti* ya potenshali.

Sasa chukua bomba la antena lenye ethi yake, na darasa lenye ethi yake nyingine ya umeme wa TANESCO, bila waya wa kuziunganisha. Radi ikipiga bomba, ethi ya bomba inapanda hadi 600,000 V huku ethi ya darasa ikibaki karibu na sifuri. Kitu gani kinagusa pande zote mbili? Ni redio: upande mmoja ina kebo ya antena, upande mwingine ina waya wa umeme. Mkondo utapita humo, na atakayekuwa ameishika yumo njiani.

Ethi mbili zikiunganishwa nje ya jengo kwa waya mnene, potenshali zake hupanda na kushuka karibu pamoja, na tofauti inayoifikia redio hupungua sana. Kebo nayo iungwe na ethi hiyo kabla ya kuingia ndani, kupitia kifaa cha kukinga radi.

Zingatia: Ethi mbili zisizounganishwa zinaweza kuwa hatari kuliko moja.

5. Udongo wa Dodoma

Kumbuka R = ρL/A, ambapo ρ ni ukinzani mahususi. Udongo hupitisha umeme hasa kwa ioni zilizoyeyuka katika maji yake. Udongo ukikauka, ρ hupanda. Dodoma ni nusu jangwa. Mvua zake hunyesha kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo ethi iko katika hali mbaya kuliko zote mwishoni mwa kiangazi, na radi za kwanza huja kabla unyevu haujafika chini. Ethi iliyopimwa Machi ikaonekana nzuri inaweza kukuangusha Novemba.

Ufumbuzi ni huu:

- Fimbo ifike kwenye udongo unaobaki na unyevu mwaka mzima.
- Penye mwamba karibu na juu, tumia fimbo kadhaa zilizounganishwa sambamba, umbali kati yake ukiwa angalau mara mbili ya urefu wa fimbo.
- Pima ukinzani wa ethi mwishoni mwa kiangazi.

Mfano wa 2. Fimbo mbili za 40 Ω kila moja, zilizo mbalimbali, zimeunganishwa sambamba. Tafuta ukinzani wa jumla.

1/R = 1/40 + 1/40 = 2/40; R = 20 Ω

6. Kazi ya pili: ardhi kama sehemu ya antena

Dipoli ina mikono miwili, hivyo haihitaji ardhi ili irushe mawimbi. Inahitaji ethi kwa ajili ya radi tu. Antena ya wima ya robo wimbi ina mkono mmoja. Nusu ya pili ni ardhi yenyewe.

Mfano wa 3. Tafuta urefu wa antena ya robo wimbi kwa masafa ya 7.1 MHz.

λ = c/f = 3 × 10⁸ / 7.1 × 10⁶ = 42.3 m
Robo yake = 10.6 m

Mkondo wa antena hii hurudi kupitia ardhini. Udongo mkavu huugeuza kuwa joto. Tuseme ukinzani wa mnururisho, yaani ule unaowakilisha nguvu inayotoka kama mawimbi, ni 36 Ω, na ukinzani wa upotevu ardhini ni 36 Ω pia:

Ufanisi = 36 / (36 + 36) = 50%

Ukitandaza nyaya nyingi juu ya ardhi kuanzia kitako cha antena, kama mikono ya feni, mkondo hurudi kupitia nyaya hizo. Upotevu ukishuka hadi 9 Ω:

Ufanisi = 36 / (36 + 9) = 80%

Kwa redio ya 100 W, mawimbi yameongezeka kutoka 50 W hadi 80 W bila kununua redio nyingine.

Swali la mtego: Je, fimbo moja ndefu ya ethi itaboresha mawimbi kama nyaya hizo? Hapana. Mkondo wa masafa ya redio husambaa karibu na uso wa ardhi kuizunguka antena, hivyo hukusanywa vizuri na nyaya zilizotandazwa. Fimbo ni ya radi. Nyaya ni za mawimbi. Vyote viunganishwe pamoja.

7. Usalama

Ethi hulinda vifaa na jengo kwa kiasi fulani. Haimpi mtu ruhusa ya kukaa na redio wakati wa radi. Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Chomoa kebo ya antena *kabla* mvua haijafika. Ukishasikia ngurumo, usiiguse tena, ondoka.

Sauti husafiri takriban 340 m/s. Ukihesabu sekunde 9 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko mita 340 × 9 = 3,060, yaani kilomita 3 tu kutoka ulipo.

8. Maswali ya marudio

1. Eleza kosa katika sentensi hii: "Ethi huzuia radi isipige antena."
2. Radi ya 20,000 A inapita kwenye ethi ya 15 Ω. Kokotoa volteji.
3. Fimbo tatu za 60 Ω zimeunganishwa sambamba, mbalimbali. Tafuta ukinzani wa jumla.
4. Fundi amepigilia ethi mpya ya antena, akaiacha mbali na ethi ya nyumba "ili zisiingiliane". Mweleze hatari iliyopo kwa kutumia tofauti ya potenshali.
5. Kwa nini ethi ya Miyuji ipimwe Oktoba badala ya Machi?

Majibu ya hesabu: 2. 300,000 V. 3. 20 Ω.