Tukiulizwa Udhaifu Wetu, Tujibuje?

Ndugu wananchi wa Kabonga na wa mwambao wote hadi Rumonge,

Vijana wetu huingia katika usaili wakiwa tayari kueleza uwezo wao, kisha swali moja huwakwamisha: “Udhaifu wako ni upi?” Baadhi hujibu kwamba hawana, wengine hudai kuwa wanapenda kazi kupita kiasi. Kwa majibu hayo mwajiri hapati la kushika.

Tuchukue mfano wa hapa petu. Familia nyingi zilizokimbilia Tanzania mwaka 1972 zililea watoto katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakasomeshwa kwa Kiswahili. Waliporejea, Kifaransa cha ofisini kiliwatatiza. Mwenye hali hiyo asione haya. Na aseme: “Kuandika Kifaransa bado kunanisumbua. Ninajifunza kila jioni, na kila barua mwenzangu huisoma kabla sijaituma. Kirundi na Kiswahili navimudu vyema.” Hapo ametaja kasoro ya kweli, hatua anayochukua na faida anayoileta.

Lakini kasoro inayogusa usalama haipambwi kwa maneno. Anayeomba kazi ya boti katika Ziwa Tanganyika, naye hajui kuogelea, sharti aseme kabla ya kuajiriwa. Akificha, anahatarisha roho yake na za abiria.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Basi kabla ya usaili, tuandike kasoro moja na hatua moja ya kuirekebisha, kisha tumsomee ndugu tunayemwamini.