Gari Kuukuu Likikataa Kuwaka



Hapa Kinole tunaijua shida ya usafiri. Ndizi, machungwa na viungo vyetu hulimwa mlimani, lakini soko kubwa liko Morogoro mjini. Gari likikataa kuwaka asubuhi, si mwenye gari peke yake anayepata hasara. Mkulima naye hupata hasara, maana ndizi iliyokwisha kukatwa haingoji.

Gari kuukuu likitunzwa hufanya kazi miaka mingi. Lakini linaweza kulala zima, likaamka halitaki kuwaka. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kutafuta kosa kabla ya kutoa fedha.

Tuchukue mfano

Mvua imenyesha usiku kucha. Land Rover ya petroli, ya miaka ya 1970, imepakiwa mikungu ya ndizi. Kina mama wenye ndizi wameketi kando ya barabara. Mmoja wao anataka fedha ya sare ya shule ya mwanawe.

Dereva anageuza ufunguo. Injini inazunguka kwa nguvu, lakini haishiki. Anajaribu tena na tena. Mwishowe injini inazunguka kwa uchovu. Kisha unasikika mlio mmoja tu: ta!

Utingo anasema, "Betri imekufa, mzee. Tuchange fedha tukanunue nyingine."

Mzee mwenye gari anajibu, "Ngoja kwanza, mwanangu. Ulipoanza kuwasha, injini ilizunguka namna gani?"

"Ilizunguka kwa nguvu, mzee."

"Basi betri haikuwa na kosa. Ninyi ndio mmeichosha."

Mzee huyu amefanya jambo la busara. Ameuliza juu ya sauti ya kwanza. Sauti ya kwanza ya asubuhi ndiyo inayotuonyesha njia.

1. Ikiwa injini haizunguki, au inazunguka kwa uvivu

Kosa liko upande wa betri, nyaya zake au stata. Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Mwenzako aziangalie taa.

Taa zikififia sana au kuzimika, betri haina nguvu, au nyaya hazikushika vizuri. Tazama vichwa vya betri, yaani pale nyaya zinapofungwa. Je, kuna unga mweupe au wa kijani? Je, waya unacheza ukiutikisa? Zima kila kitu. Fungua kwanza waya unaokwenda kwenye bodi ya gari, halafu ule mwingine. Osha unga kwa maji ya moto, sugua kwa msasa, kausha, kisha funga na kukaza. Waya wa bodi ufungwe mwisho. Paka grisi juu yake. Watu wengi wamenunua betri mpya kumbe ulihitajika msasa tu.

Taa zikibaki na mwanga mkali na injini haizunguki, betri ni nzima. Kagua nyaya za stata na waya wa bodi. Kama zote zimekaza, stata yenyewe ipelekwe kwa fundi.

2. Ikiwa injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki

Acha kuendelea kugeuza ufunguo. Unaimaliza betri bure. Injini ya petroli inahitaji cheche na mafuta. Tafuta ni kipi kinachokosekana.

Anza na cheche. Fungua plagi moja. Irudishe kwenye waya wake, uilaze ili chuma chake kiguse injini. Shika waya kwa kitambaa kikavu. Mwenzako ageuze ufunguo. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, umeme unafika. Usifanye hivyo mahali palipomwagika petroli.

Kama hakuna cheche, fungua kifuniko cha distributa, ambacho nyaya nene za plagi hutoka kwake. Je, ndani kuna unyevu au ufa? Milima ya Uluguru upande wa mashariki hupata mvua nyingi inayoletwa na upepo wa baharini. Unyevu ukiingia ndani ya kifuniko, umeme hupotea njiani. Pangusa ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Pangusa na nyaya zake. Tazama pia pointi kama zimeungua.

Kama cheche ipo, tazama plagi uliyoifungua. Ikiwa kavu kabisa, huenda mafuta hayafiki. Usiuamini mshale wa geji peke yake. Hakikisha kuna mafuta kwenye tangi. Kisha kagua mipira, chujio na pampu. Ikiwa plagi imelowa petroli, mafuta yamezidi. Kausha plagi, ngoja kidogo, ndipo ujaribu tena.

Gari la dizeli halina plagi za cheche. Kama liliishiwa mafuta, hewa huingia kwenye mipira, na lazima itolewe.

Ukiona cheche ipo na mafuta yanafika, lakini injini bado haishiki, mwite fundi. Mweleze uliyoyaona. Utampunguzia kazi.

3. Jihadhari

Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri au petroli. Usinyonye petroli kwa mdomo. Maji ya betri yakikugusa, jioshe mara moja kwa maji mengi.

Kabla ya kushika kazi yoyote, weka mawe kwenye magurudumu. Usisukume gari kuelekea kwenye mteremko mkali kama huna hakika na breki. Mtu yeyote asisimame mbele yake. Ukitumia hendeli, toa gari kwenye gia, uvute kwenda juu, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Hendeli ikirudi nyuma huweza kuvunja mkono.

Turudi kwenye mfano wetu

Mzee anafungua kifuniko cha distributa na kukuta matone ya maji. Anakikausha kwa kanga ya mama mmoja. Betri imechoka, kwa hiyo anatumia hendeli. Mara ya tatu injini inashika. Gari linashuka na ndizi zake, na hakuna aliyechanga hata shilingi.

Maswali

1. Kwa nini mzee aliuliza juu ya sauti ya kwanza?
2. Taa zikififia unapogeuza ufunguo, utakagua nini?
3. Kwa nini si vizuri kuendelea kugeuza ufunguo wakati injini haishiki?
4. Plagi ikiwa kavu, ni dalili ya nini?

Kazi ya darasa: Mwombeni mwenye gari mmoja kijijini awaonyeshe betri, stata, plagi na distributa. Kila mmoja aandike majina hayo katika daftari lake.